Mfalme Aliyekatwa kwa Msumeno

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari. Jua limewaka tangu asubuhi lakini ni jua la picha tu, halina joto. Nilipotoka mlangoni hapa Blaine, Minnesota, vinyweleo vya pua viliganda kabla sijalifikia gari, na theluji ya juzi imekuwa ngumu kama chumvi ya mawe.

Leo nimeachishwa shifti ya Lakeville. Naandika upesi kabla sijaanza kujitungia sababu nzuri, maana najijua. Elimu yangu ni darasa la saba, pamoja na cheti cha watu wazima nilichokipata hapa mwaka jana, kwa hiyo mpangilio utayumba. Pale nitakapohisi namwonea mtu nitasema.

Mteja wangu alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, daktari wa meno mstaafu. Nilimhudumia miezi kumi na moja: kumwogesha, kumvalisha, kumlisha, kumsafishia meno yake ya bandia kila asubuhi na kumrudishia kinywani. Alikaa na binti yake, mwanamke wa umri kama wangu mwenye kazi ya ofisini mjini Minneapolis. Binti huyo hakuwa mtu mbaya. Siku zile nilipofika kwake na kijikoti chepesi mwezi wa pili, alinipa koti lake la manyoya ya bata, zito, karibu jipya, akasema amelichoka rangi. Alikuwa hajalichoka. Nililiona lile jicho mtu analokitupia kitu chake anapokitoa.

Sebuleni mwao, kando ya meko ya gesi, kulikuwa na jiwe. Siku ya kwanza nilidhani ni plasta ya mapambo. Lilikuwa refu kuliko mlango, rangi ya majivu, limefungwa ukutani kwa vyuma. Jua la asubuhi lilipoingia kwa ubavu ndipo michoro ilipoinuka: mtu amesimama, uso umegeuzwa upande, pua ndefu iliyounganika na paji, kichwani rundo la manyoya ya ndege kubwa kuliko mwili wake. Mkononi alishika kifimbo chenye kidudu kama mwanasesere, na mguu mmoja wa mwanasesere huyo ulikuwa nyoka.

"Hiyo ndiyo fimbo ya utawala," mzee aliniambia. "Mfalme wa Wamaya. Bila hiyo hawi mfalme, ni mtu tu mwenye manyoya."

Niseme haki: ninayoyajua kuhusu jiwe lile nimeyajua kwake, na alikuwa mwalimu mzuri. Alinionyesha mkanda wa mfalme, uliotundikwa mawe ya kijani yenye umbo la shoka, akasema mfalme akitembea yaligongana na watu wakasikia anakuja. Alinionyesha maandishi, visanduku vilivyopangwa safu mbili mbili kushuka chini, kila kisanduku kina kichwa, au mkono, au mnyama, vyote vimebanana kama mahindi kwenye gunzi. Na chini ya miguu ya mfalme alinionyesha mtu mwingine, amelala kifudifudi, mikono imefungwa nyuma, amekanyagwa mgongoni. Pajani mwake kulikuwa na visanduku viwili vya maandishi.

"Jina lake," mzee alisema. "Mateka. Wamemwandika jina mwilini ili ijulikane ni nani aliyekanyagwa."

Mimi huyo mfalme sikumpenda, na ningependa hilo lijulikane, isije ikaonekana namsafisha yeye ili niwachafue wengine. Mtu anayesimama juu ya mgongo wa mwenzake, halafu anataka achongwe akiwa hivyo, ananitia kinyaa, awe wa zamani au wa leo.

Lakini pindo la nguo yake lilinishika. Lilisukwa. Nilisogeza uso karibu nikafuata kwa macho: juu moja, chini moja, juu moja, chini moja, na fundi hakukosea hata mahali pamoja. Mzee akasema kwa wale watu mkeka ulikuwa alama ya utawala, anayekaa juu ya mkeka ndiye anayetawala. Nilicheka kwa sauti. Bibi yangu mzaa mama, kwetu Tabora, alisuka ukili maisha yake yote, na alitukalisha juu ya mkeka sisi sote, wenye kamasi na wasio na kamasi. Nikamwambia mzee kwamba hata kwetu watemi walikuwa na alama yao, kibangwa, duara la gamba la baharini lililovaliwa shingoni au kwenye paji, na asiye mtemi hakuthubutu kulivaa.

Mzee aliacha kutafuna. "Bado yapo? Nani anayo? Familia gani?"

Nikasema sijui. Kweli sijui. Lakini nilifurahi kwamba sijui, kwa sababu alinitazama kama mtu anayetazama kabati la jirani lililoachwa wazi.

Kila Ijumaa alikuja dada wa usafi, mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyetoka milima ya Guatemala, nchi ya hao Wamaya. Kiingereza chake na changu vilikuwa vibovu kwa namna tofauti, kwa hiyo tulielewana vizuri. Siku moja ya kiangazi mzee alipata wageni, wazee wenzake watatu. Akamwita yule dada kutoka jikoni.

"Njoo, njoo. Simama hapa. Geuza uso. Hapana, upande huu." Akawaambia wageni, "Tazameni pua. Tazameni paji. Miaka zaidi ya elfu na haijabadilika!"

Dada akasimama pale, glavu za mpira mikononi, uso umegeuzwa ukutani kama mtu anayepigwa picha ya polisi. Mgeni mmoja aliinama kulinganisha. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya biskuti. Nilipitisha biskuti.

Jikoni nikamwambia, "Pole, dada."

"Pole ya nini? Nilitulia, sikusugua choo kwa dakika tano." Kisha akavua glavu moja. "Kila nyumba yenye kitu cha Wamaya wananiuliza kimeandikwa nini. Mimi najua kusoma chupa ya sabuni. Wewe wakikuletea ngoma ya Afrika, utajua ni ya nani?"

"Sitajua."

"Basi." Akafuta sinki, akasimama kidogo. "Ila wewe ungejua ngoma ikichanwa. Nenda kaguse nyuma ya lile jiwe."

Wageni walipoondoka na mzee aliposinzia, nilipitisha vidole nyuma ya jiwe, kwenye upenyo kati yake na ukuta. Nilitegemea jiwe la kawaida, lenye mabonde. Nikakuta mistari, imelala sambamba, laini kwa namna inayochukiza, kama mfupa uliokatwa kwa msumeno buchani. Jiwe zima lilikuwa na unene wa kiganja changu tu.

Kuna kopo, nalo niliandike hapa, maana habari yake niliificha miezi mitano. Mwezi wa nane nilikuwa natafuta kikombe cha meno ya bandia, mzee akaniambia nifungue droo chini ya beseni la kunawia. Nikatoa kopo la peremende. Ndani yake, juu ya pamba, yalilala meno ya watu. Meno ya mbele. Kila jino limetobolewa tundu la duara usoni na kupachikwa kijiwe cha kijani.

"Haya ni ya wakubwa wao," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa laini, kama mtu anayemwonyesha mgeni picha za harusi. "Angalia kazi hiyo! Hakuna umeme, hakuna ganzi. Mimi nimetoboa meno miaka arobaini, nisingeweza." Akaniwekea moja kiganjani.

Mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika meno yake, yenye ute na mabaki ya mayai. Mkono wa kulia nilishika jino la marehemu nisiyemjua. Nikatapika kwenye beseni. Mzee alinipigapiga mgongoni, akasema samahani, hakujua kuwa nina moyo mwepesi. Nilipouliza aliyapata wapi, alisema, "Walikuwa hawayahitaji tena."

Sidhani alikuwa akiwacheka wafu. Alikuwa akiipenda ile kazi ya mikono kwa dhati, na hilo ndilo linalonichanganya hadi leo, kwamba mtu anaweza kukipenda kitu hivyo na bado akakitia kwenye kopo la peremende. Lakini sikuandika habari ya kopo popote. Nilijiambia hainihusu. Ukweli ni kwamba sikutaka kuifikiria.

Sasa habari ya faili. Kampuni yetu ya wahudumu ina utaratibu: kila nyumba ina faili linalokaa juu ya friji, na kila shifti unaandika. Amekula nini, ameenda choo mara ngapi, amelala vipi. Akisimulia jambo refu la zamani unaliandika vilevile, kwa sababu daktari anafuatilia kumbukumbu zake. Unaandika ulichoona na ulichosikia, si ulichofikiri. Ukiacha kazi katika nyumba, faili unalirudisha ofisini mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, nikiwa namlisha uji wa shayiri, mzee alisimulia jiwe lilivyokuja. Alikuwa kijana. Alikwenda huko kwa Wamaya na madaktari wenzake wawili kung'oa meno ya wanavijiji bure, wiki mbili, na aling'oa kweli, sina sababu ya kukataa. Kisha mwenyeji mmoja akawapeleka msituni. Jiwe lilisimama peke yake kwenye miti. Wakarudi na msumeno wa injini. Siku nne, mmoja anakata, mmoja anamwaga maji, wakalimenya uso kama unavyopasua ubao. Mgongo wa jiwe wakauacha umelala kwenye matope.

"Pembeni nako kulikuwa na maandishi," alisema, "lakini yalilifanya liwe zito. Tukayagonga kwa patasi." Akacheka. "Nyani walipiga kelele siku zote nne! Na yule kijana wa kumwaga maji akakatwa kidole. Nikamshona mwenyewe."

Mimi nilikuwa nasema "ehe". Nilisema "ehe" kama tunavyofanya kwetu ili msimulizi asione anaongea na ukuta. "Ehe. Ehe, mzee." Nikachota kijiko kingine, nikapuliza, nikamlisha. Nikikumbuka sasa, kile kijiko changu ndicho kinachonichukiza kuliko msumeno. Uji ulikuwa ukimtiririka kidevuni nikaufuta vizuri, taratibu, nikihakikisha haujamkera.

Mchana nikaandika. Ukurasa mzima, kwa Kiingereza, na kamusi ya simu. Nisijipe sifa: sikuandika ili kumshtaki mtu. Nilijivunia tu kwamba ulikuwa ukurasa wangu wa kwanza mrefu ambao binti yangu hakunisahihishia.

Jumapili iliyopita binti wa mzee aliniita nyumbani kwake nje ya zamu. Alinitengenezea chai, akanikalisha kwenye kochi la sebuleni, si jikoni. Akaanza na barua. Mimi nataka kuingia chuo cha uuguzi. Wanataka barua ya mtu anayeijua kazi yangu, mwisho wa kupokea ni mwishoni mwa mwezi huu, na yeye alikuwa ameniahidi tangu Krismasi. Akanionyesha. Ilikuwa tayari, imebaki sahihi. Niliisoma, ilikuwa nzuri mno. Ilimhusu mwanamke ambaye ningependa kukutana naye.

Kisha akasema jumba moja la makumbusho limekubali kulipokea jiwe. Jina la baba yake litaandikwa ukutani, kwenye chumba litakamowekwa. Baba ana miezi michache tu ya kuishi, angependa alione. Lakini wanauliza lilitokaje huko.

"Alilinunua dukani," alisema. "Kuna duka. Tatizo ni ule ukurasa wako; jumba likiuona litakataa. Baba siku hizi anachanganya mambo, wewe mwenyewe unajua. Nakuomba uutoe, uandike mwingine, tarehe ileile, kwamba alikusimulia habari za dukani. Nitauandaa, wewe utausaini tu."

Nikasema sawa.

Nikasema tena sawa, na nikasema hakuna shida, na nikamshukuru kwa chai. Nimelelewa kutomkatalia mtu usoni ukiwa umekaa kwake na kikombe chake mkononi. Kwetu kila mtu anaijua tabia hiyo. Unaitikia, unaondoka na heshima yako na yake, halafu baada ya siku mbili linatokea udhuru, mtoto kaugua, mvua imenyesha, na mwombaji anaelewa bila kuaibishwa. Yeye hakulelewa hivyo. Alinishika mkono, machozi yakamlengalenga. Alikwishaamini.

Nyumbani nikawaambia. Mume wangu alikuwa akivaa kwenda zamu yake ghalani.

"Saini, mama watoto," alisema. "Jiwe la kwenu hilo? Mfalme wa ukoo wenu?"

"Si la kwetu."

"Aliyekatwa kidole atapata kidole?"

"Hatapata."

"Basi saini uende chuo. Ukishakuwa nesi utawahurumia watu wote hao kwa raha zako."

Binti yetu, ana miaka kumi na tano, alikuwa akisikiliza na simu mkononi. Anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Alitamka neno moja tu la vijana wa huku la kuonyesha kinyaa, akarudi kwenye simu. Sikujua kinyaa kilikuwa cha wale wa msumeno, cha baba yake, au changu.

Jana nikampigia mratibu wetu wa zamu, Mkenya, mama asiye na muda wa kupoteza. Nikamuuliza kama kwa mfano, mtu akitaka kubadilisha ukurasa wa zamani.

"Kwa mfano gani? Wee, usinizungushe," akasema. "Ile kitu umeandika, imeandikwa. Ukitoa hiyo karatasi, mimi sikujui, na chuo pia usahau, sababu watauliza hapa. Umenisikia, dadangu?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwa sababu ya wafu. Inawezekana nilikataa kwa sababu ya simu hiyo. Nimejiuliza njia nzima.

Leo asubuhi binti wa mzee alikuwa hajaenda kazini. Ukurasa ulikuwa mezani, umekwisha kuandikwa, na kalamu juu yake. Pembeni yake barua yangu. Niliusoma kwa kidole. Uliandikwa kwa makosa ya Kiingereza, makosa yangu. Aliyaiga ili ufanane. Alikaa mahali akanifikiria, jinsi ninavyoandika, neno ninalolirudia, wingi ninaousahau, akavipanga.

"Siwezi kusaini," nilisema.

"Ulisema sawa."

"Nilisema. Nilikosea kusema. Nisamehe kwa hilo."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Akaisogeza kalamu karibu yangu. Kisha, na sauti yake haikupanda, "Unadhani likirudi huko nani atalisoma? Miti? Hapa watoto wa shule watakuja kuliona."

Nilifikiri huenda ana hoja. Nikamwambia, "Sijui. Waambie ukweli, waamue wao."

"Nilikupa koti langu."

Nilikuwa nimelivaa. Nikaanza kulifungua zipu, naye akageuka dirishani. "Acha maigizo. Nje utakufa." Nikaifunga zipu. Hakuna namna nzuri ya kusimama ukiwa umevaa koti la mtu unayemkatalia.

Akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akasema ataiambia kampuni ilete mtu mwingine kuanzia kesho, na kwa leo niende tu. Nikachukua faili juu ya friji. Alisimama kati yangu na mlango, nikamwambia ni utaratibu, faili hurudi na mtu. Nadhani angelinyakua. Alikwisha kunyoosha mkono.

Mzee akaita kutoka kwenye kiti chake, maneno yametota mate, "Binti! Meno yangu!"

Yalikuwa bado kwenye kikombe. Tulitazamana mimi na binti yake. Aliangalia kikombe, akaangalia pembeni, na nikaelewa kwamba hajawahi kuyashika. Nikaweka faili kwapani, nikayasuuza, nikambonyeza mzee kidevu, nikayapachika. Fizi zake zilikuwa baridi na laini kama konokono. Mikono yangu ikafanya kazi yake vizuri kama kila siku.

"Asante," alisema, akauma mara mbili kupima. "Wewe ndiye unayeweza."

Nikatoka. Nilipaki kwenye maegesho ya duka la dawa, hita ikivuma, nikafungua faili nikaandika shifti yangu ya mwisho. Kwamba mteja amepata meno yake saa nne na nusu. Kwamba binti yake aliniomba niutoe ukurasa wa mwezi wa kumi na moja na sikuutoa. Kwamba mwezi wa nane nilionyeshwa kopo lenye meno ya watu, lililo kwenye droo chini ya beseni la kunawia, na kwamba sikuliandika wakati ule, na kosa hilo ni langu. Wino uliganda, nikaipasha kalamu joto kwa pumzi. Nikalipeleka faili ofisini, mratibu akalipokea, akasoma ukurasa wa juu amesimama, akasema tu, "Haya. Enda nyumbani."

Nilifika mchana kweupe, saa ambayo sijawahi kuwepo nyumbani siku ya kazi. Nimejaribu kuorodhesha nani mwingine anaijua kazi yangu kiasi cha kuniandikia barua kabla mwezi haujaisha. Mratibu ananijua kwa simu na karatasi tu. Nimempata mmoja, dada wa usafi, na chuo hakitamkubali.

Mume wangu aliporudi alinitazama nilivyokaa.

"Na barua?"

"Hakuna barua."

Akavua viatu, akaingia jikoni mwenyewe. Tumekula wali, maharage ya kopo aliyoyaunga kwa nazi, yakashika kidogo chini ya sufuria, na kabichi. Binti yetu aliongeza pilipili hadi akatokwa machozi. Mimi nilikula wali peke yake, sahani moja, nikamaliza.